Sikio langu halikuwa la kufa: barua ya wazi kwa wakuu wa afya

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Mganga Mkuu wa Serikali.

YAH: MTU MZIMA ANAYEPOTEZA USIKIVU GHAFLA APEWE RUFAA SIKU HIYO HIYO, NA APIMWE SUKARI, PRESHA NA MAFUTA YA DAMU

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa injini za dizeli. Gereji yangu iko kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, na kwa miaka 27 nimekula kwa masikio. Msicheke. Lori likiingia kwangu linagonga, sianzi na spana. Nachukua bisibisi ndefu, ncha naiegemeza kwenye injini, mpini naubana mfupani mbele ya sikio, nafumba macho. Beringi iliyochoka ina sauti yake, tapeti zina yake, nozeli inayovuja ina yake. Vijana wangu walikuwa wananiita Daktari. Siku hizi wananiita Mzee tu.

Jumatatu moja niliamka sikio la kushoto limeziba. Simu ikaita, nikaiweka kushoto kama nilivyozoea. Kimya. Nikasema mtandao huu nao, nikakata. Ikaita tena, kimya tena. Mke wangu akaipokea na kuongea vizuri tu, huku ananitazama. Nilipoihamishia kulia nikamkuta shemeji yangu amefura, anauliza kwa nini namkatia simu. Mle kushoto mlikuwa na mvumo mmoja tu, kama redio iliyopotea stesheni, na nilipoinama kuvaa viatu chumba kikazunguka.

Nilichofanya ndicho anachofanya karibu kila mtu. Nilipita duka la dawa nikauziwa matone ya sikio kwa shilingi elfu tatu. Siku ya nne nilikwenda zahanati. Muuguzi alikuwa peke yake na benchi limejaa kina mama na watoto wanaolia. Alinimulika kwa tochi ya simu, akasema, "Baba, naona nta kidogo humu," akaniandikia amoksilini, nirudi baada ya wiki. Niliporudi nikaambiwa ni mafua yamepanda sikioni. Mara ya tatu nikapimwa malaria, haikuwepo. Mtaani napo kila mtu alikuwa na lake: mmoja alisema upepo mbaya, mwingine jini, mwingine kwinini niliyokunywa utotoni. Wa kwinini angalau alikuwa na pa kuanzia, maana dawa ile huvumisha masikio kweli. Ila si ya miaka arobaini iliyopita.

Simlaumu muuguzi yule, wala sitaji zahanati yake. Angefanya nini na tochi ya simu? Hakuna karatasi iliyobandikwa ukutani mwake inayomwambia kwamba mgonjwa wa aina yangu ni wa haraka. Karatasi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike barua hii.

Siku ya 46 ndipo nilipokaa mbele ya daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Hakuanza na mashine. Alitoa mfukoni chuma chenye meno mawili kama uma, akakigonga kwenye goti lake kikavuma, akaegemeza kitako chake katikati ya paji la uso wangu. "Unausikia upande gani?" Kulia, nikamwambia, kulia tupu. Akakigonga tena, akarudia. Kulia.

Nilicheka, ingawa hapakuwa na cha kuchekesha. Ilikuwa bisibisi yangu ile ile! Sauti inapitia mfupani. Daktari akanieleza: sikio likiwa limezibwa na nta au usaha, mvumo wa chuma hukimbilia sikio bovu. Ukikimbilia sikio zima, basi sikio bovu limeharibika ndani kabisa, kwenye kile kiungo kilichojikunja kama konokono, au kwenye mshipa wa fahamu unaotoka hapo kwenda ubongoni. Kazi yote haikuzidi dakika moja. Kipimo cha mashine kilichofuata kilithibitisha tu: kushoto sauti hainifikii mpaka ivuke desibeli 75, yaani mtu anipigie kelele.

Baadaye nilijifunza kwamba hata chuma hicho kinaweza kukosekana na bado mtu akapata fununu. Zibeni sikio moja kwa kidole sasa hivi, Waheshimiwa, halafu mvumishe "mmmm" midomo ikiwa imefungwa. Sauti imehamia upande mlioziba, sivyo? Sikio lenye nta hufanya hivyo hivyo. Lakini mtu aliyeamka haisikii dunia upande mmoja, na akivumisha sauti ikaenda upande ule mzima, huyo asipewe matone. Apandishwe gari.

Yule bingwa aliendelea na vitu ambavyo sikuvitegemea kwa daktari wa masikio. Alifunga mkanda wa presha mkononi mwangu: 168 kwa 104. Akanizungushia utepe wa fundi cherehani kiunoni: sentimeta 112. Kesho yake asubuhi, sijatia kitu mdomoni, sukari ilikuwa 11.8. Mafuta ya damu, yale yanayoitwa trigliseridi, yalikuwa 3.9 wakati yanatakiwa yasifike 1.7. Nina miaka 52 na hakuna aliyewahi kunipima sukari. Kuamka mara tatu usiku kukojoa nilikusingizia maji ya jioni, kiu nikaisingizia jua la gereji. Kitambi nilikiita cha heshima, na wateja walikisifu.

Halafu akaniambia kuhusu dawa. Kuna vidonge vya prednisoloni, dawa ya miaka mingi na ya bei ndogo, ambavyo hutolewa mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo. Wiki hizo zikipita, ipo sindano ya dawa ya jamii hiyo hiyo inayopenyezwa kwenye ngoma ya sikio, na hiyo nayo ina mwisho wake kwenye wiki ya sita. "Umekuja wiki ya saba, mzee wangu," akasema, akakirudisha kile chuma mfukoni.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Msemo huo humpiga mtu mkaidi, aliyeambiwa akakataa. Mimi sikukataa dawa, nilizunguka siku 46 nikiitafuta.

Sisemi kwamba ningepona. Daktari hakunificha: katika kila wagonjwa 10 wa aina hii, 3 hadi 6 hivi hurudiwa na usikivu, kidogo au mwingi, hata bila dawa, na wapo wanaomeza vidonge siku ya pili na sikio lisirudi. Ushahidi wa vidonge hivyo wenyewe hauna nguvu kama wanavyopenda madaktari. Lakini fundi akiniambia gari lina nusu ya bahati kuwaka, sitaliacha uani wiki saba kwanza ndipo nijaribu ufunguo.

Sasa mniruhusu nieleze kwa lugha ya gereji kwa nini daktari wa masikio alinipima kiuno.

Injini ya lori ina njia nyingi za oili. Turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, inalishwa na bomba moja, jembamba kama penseli, na halina mwenzake. Dereva akichelewesha kumwaga oili, ikawa nzito, ikaanza kuacha masizi kwenye kuta, wa kwanza kufa ni turbo. Injini bado inaunguruma, taa ya dashibodi haijawaka, dereva anapiga honi na kuondoka akiamini gari ni zima. Nimefungua turbo nyingi zilizokufa hivyo, na mara zote nimemwambia mwenye gari: usinunue turbo mpya kabla hatujaangalia oili.

Sikio la ndani ni turbo. Damu yake inaletwa na mshipa mmoja mwembamba usio na mwenzake wa kuusaidia ukiziba. Ndani ya yule konokono kuna ukuta wa vimishipa unaofanya kazi usiku na mchana kama jenereta, unatunza umeme ambao bila huo vinywele vya kusikia haviwezi kutuma chochote ubongoni. Vinywele hivyo ni kama elfu 15 kila sikio. Kikifa kimoja hakioti kingine, kwa binadamu haijawahi kutokea. Sukari ikikaa juu kwa miaka hunenepesha na kukakamaza kuta za vimishipa vidogo, ndiyo maana wenye kisukari huchunguzwa macho na figo. Mafuta yaliyozidi hufanya damu iwe nzito na kujenga utando. Presha nayo inachubua mshipa kwa ndani. Mambo haya hupenda kutembea pamoja, na madaktari wameyapa jina moja, sindromu ya metaboliki: kiuno kikubwa, trigliseridi juu, yale mafuta mazuri ya damu chini, presha kuanzia 130 kwa 85, sukari ya asubuhi kuanzia 5.6. Mwenye matatu kati ya hayo matano amehesabiwa humo. Mimi nilikuwa na manne. La tano halikupimwa, kitendanishi kiliisha.

Watafiti wa Taiwan, Korea na China wamelifuatilia jambo hili kwa kulinganisha waliopoteza usikivu ghafla na wasiopoteza. Wenye kisukari Taiwan walionekana kupatwa karibu mara moja na nusu zaidi ya wasio nacho. Wenye mkusanyiko ule wa hitilafu nao wamekutwa wengi zaidi miongoni mwa wagonjwa, na wanapougua, sikio lao huwa zito zaidi kurudi. Utafiti mwingine wa Taiwan, wa mwaka 2008, uliwafuata wagonjwa wa sikio la ghafla kwa miaka 5 na kukuta wamepata kiharusi zaidi ya wenzao wa kulinganishwa, kwa zaidi ya mara moja na nusu. Tafiti za namna hii huonyesha vitu vinavyoandamana, hazimkamati mwizi mkononi, na kwa wagonjwa karibu 9 kati ya 10 chanzo chenyewe hakipatikani. Lakini mimi nikiona turbo tatu zimekufa kwa madereva wa tajiri mmoja, sihitaji cheti kumuuliza anamwaga oili lini.

Na hapa kuna watu watanipinga, tena wasomi. Watasema mwongozo wa Marekani wa mwaka 2019, ule unaoeleza kwamba usikivu wa ghafla ni kupungua kwa desibeli 30 au zaidi katika ngazi tatu za sauti zinazofuatana ndani ya saa 72, haushauri kila mgonjwa achotwe damu kwa mkumbo. Ni kweli. Lakini mwongozo huo umeandikwa nchi ambayo wengi wana faili mahali, lina sukari yao ya mwaka jana na ya mwaka juzi. Faili langu lilikuwa daftari la shule la kurasa 32, nalo liliandikwa "nta" na "mafua". Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, asilimia 9.1 wana sukari iliyopanda na asilimia 25.9 wana presha. Mtu mzima anayeingia zahanati kwa sababu ya sikio, pengine hiyo ndiyo mara ya kwanza anaingia kwa hiari yake tangu apone malaria ya utotoni. Kumpima sukari ni tone la damu kidoleni. Kumwacha aende ni kungoja arudi amebebwa.

Ni wengi kiasi gani? Marekani hukadiria watu 5 hadi 27 kati ya kila laki moja kwa mwaka. Tukichukua hata hicho cha chini kabisa, kikawa sawa na huku, kwa idadi yetu ya sensa ya 2022 ya watu milioni 61.7 tunapata kama 3,000 kila mwaka. Hesabu hiyo nimeipiga mimi kwa kalamu ya gereji. Takwimu za kweli zinaweza kutoka kwenu tu, na zitatoka siku rejista ya mgonjwa wa nje itakapokuwa na mahali pa kuandika "usikivu umepotea ghafla" badala ya kumtupa kwenye "magonjwa mengine ya sikio".

Ombi langu kubwa ni waraka wa ukurasa mmoja. Useme kwamba mtu mzima aliyeacha kusikia sikio moja ndani ya siku tatu, na ndani ya sikio hakuonekani kitu cha kutosha kuliziba, ni mgonjwa wa dharura kama anavyochukuliwa mwenye jicho lililoacha kuona. Apewe rufaa siku hiyo hiyo, na sukari na presha yake viandikwe juu ya barua ya rufaa kabla hajaondoka. Uende zahanati zote, na nakala iende maduka ya dawa, kwa kuwa ndiko tunakoanzia. Anayeuza matone akijua kuuliza swali moja tu, "Limeziba taratibu au ghafla?", ataokoa masikio mengi kuliko nitakavyookoa mimi kwa barua.

Pamoja na waraka, kila kituo cha afya kipate kile chuma. Kinachofaa ni cha mitetemo 512 kwa sekunde. Hakitaki umeme, kitendanishi wala fundi wa kukihudumia. Nilifurahi kama kila Mtanzania mwaka 2017 Muhimbili ilipoanza kupandikiza vifaa vya usikivu, na nisingependa shilingi moja iondolewe huko. Ila chuma hiki ni cha bei ya spana, na mwanafunzi wa gereji anafundishika kukitumia kabla ya chai ya saa nne.

Dawa yenyewe ina mtego ambao waraka lazima uutaje. Prednisoloni hupandisha sukari. Mtu kama mimi, ambaye hajijui, akipewa vidonge vya wiki mbili bila kupimwa anaweza kupona sikio akalazwa kwa sukari. Kwa hiyo kipimo kitangulie, na mwenye kisukari asinyimwe dawa kwa woga: sukari yake ifuatiliwe kila siku, au aanzishiwe ile sindano ya sikioni ambayo haisambai sana mwilini.

Kliniki za kisukari nazo zituulize. Ninahudhuria sasa. Wananiangalia miguu, wananiuliza macho, wananipima uzito, na wahudumu ni watu wema. Sikio, hakuna. Wenzangu wawili kwenye benchi wameniambia kila mmoja kwa wakati wake kwamba sikio moja "lilishajifia zamani", na hakuna aliyewahi kuliandika. Kuhusu bima nitasema kifupi: kama Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inakuja mpaka kwetu mafundi wa barabarani, kifurushi chake kitaje kipimo cha usikivu na kipimo cha mafuta ya damu kwa majina yao, tusifike dirishani tukaanza kubishana.

Mwezi wa tatu uliopita dereva mmoja wa lori alishusha gari kwangu kubadilisha brekpedi. Tulikuwa tunaongea, akawa anageuza shingo kila mara kama kuku, ananitegea upande mmoja. Naujua mkao ule, ni wa kwangu. Nikamuuliza tangu lini. "Tangu jana jioni, fundi. Nadhani ni vumbi." Nikamwambia avumishe "mmmm". Akanitazama kama nimechanganyikiwa, akavumisha. Sauti ilikwenda sikio zima.

Sikumfungia brekpedi. Nilimpakia kwenye bodaboda, nikampa karatasi niliyoiandika mwenyewe kwa mwandiko wangu mbaya, nikampigia simu yule bingwa ambaye namba yake ninayo kwa bahati. Siku ya tatu alikuwa ameshaanza vidonge. Sukari yake ilikuwa 9.4, naye alikuwa hajui. Baada ya wiki tano alipita tena, akaegesha ng'ambo ya barabara na kuniita, nami nikamjibu kwa sauti ya kawaida. Akageuka. Huenda lingerudi lenyewe, sitamdanganya mtu.

Mimi bisibisi naishika kwa mkono wa kulia sasa, na injini nasikiliza nusu. Mlio ukija sijui unatoka silinda ya mbele au ya nyuma, kijana wangu ndiye anayeniambia. Kliniki yangu ni Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi. Pale karibu na mzani kuna ubao wa matangazo, una tangazo la chanjo na la kunawa mikono, na chini kulia pana nafasi ya karatasi moja. Nitaiangalia kila nikienda.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa injini, barabara kuu ya Tunduma